Daftari la Bluu la Mwalimu Ishita

Mimi si mtu wa kushuku watu ovyo. Mwulize Makau, soja wa geti la shule yetu, ambaye nimekuwa nikimwachia mkoba wangu kwa miaka kumi. Lakini mtu akija kwa pikapu Jumapili jioni, akateremsha godoro moja, jiko la gesi, maboksi manne ya vitabu na sanduku la bati lenye kufuli mbili, na mtu huyo awe msichana wa Kihindi, peke yake, katika ploti yetu ya vyumba kumi na sita huku Gatong'ora, niambie wewe ungefanya nini. Mimi nilitoka nikaanza kuanua nguo ambazo hazijakauka, ili nipate sababu ya kusimama nje.

"Habari zenu," akasema kwa wote. Kisha akaniona mimi, akaona mvi zangu, akageuza lugha. "Wĩ mwega, cucu?"

Kikuyu chake kilikuwa kisafi kuliko cha binti yangu. Nikaitikia kwa sababu salamu ni salamu, lakini moyoni nikasema, hapa kuna jambo. Kwanza nina miaka hamsini na miwili, na mtu wa kuniita cucu, yaani nyanya, ni mmoja tu duniani, mjukuu wangu Wangechi. Pili, mtu hajifunzi lugha yako vizuri namna hiyo bure.

Keretaka, mwangalizi wa ploti, alikuwa amekwisha kupata habari zote. Msichana anaitwa Ishita. Ni mwalimu. Ametoka Thika, mtaa wa Kamenu, na amepata kazi mpya hapa Ruiru. Sikuuliza ni shule gani, na ningeuliza ningelala na presha, maana Jumatatu asubuhi, siku ya kufungua shule, nilimkuta amesimama paredi kando ya mkurugenzi wetu, Madam Waceke. Tukatambulishwa kwake. Ndiye mwalimu mpya wa gredi ya kwanza. Gredi ya kwanza ndiyo darasa la Wangechi.

Wacha nieleze, usije ukaniona mtu mbaya kabla ya wakati. Mimi nimezaliwa Kiganjo, palepale Thika. Wahindi wa Thika nawajua. Kitambaa cha sare yangu ya kwanza kilikatwa katika duka lao, na baba yangu alistaafu katika kiwanda chao. Tunawajua wakiwa nyuma ya kaunta, na wao wanatujua tukiwa mbele yake, na hivyo ndivyo tulivyoishi kwa amani. Mhindi wa kufundisha gredi ya kwanza kwa mshahara wa shule yetu, mshahara ambao hata sisi wenyewe tunauonea aibu, na kuishi chumba kimoja chenye choo cha nje, huyo sikuwa nimemwona. Kwa hiyo nikajua hakuja kufundisha. Lililobaki lilikuwa kujua alichokuja kufanya.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata. Wanaume wawili walifika na ile kamera yao ya miguu mitatu, wakapima uwanja wetu kutoka ua hadi ua, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu nyuma ya madarasa. Madam Waceke aliongea nao, akaingia ofisini, akafunga mlango. Hakutuambia neno.

"Madam Tabby," akaninong'oneza Mugo, mwalimu wa hisabati, tukiwa tunakunywa chai ya saa nne, "hii shule imeuzwa. Huoni magodauni yanavyojengwa huku? Wale wanataka ploti kubwa, na ploti kubwa ndiyo hii."

"Imeuzwa kwa nani?"

Mugo hakujibu kwa mdomo. Alielekeza kikombe chake upande wa dirisha. Nje, Mwalimu Ishita alikuwa anatembea peke yake kutoka getini kwenda darasa lake, polepole, midomo ikicheza. Alikuwa akihesabu hatua. Alipofika mlangoni alitoa daftari dogo la bluu, akaandika.

Miaka kumi na tisa nimefundisha pale. Nani angeajiri mwalimu wa miaka hamsini na miwili? Na Wangechi anasoma pale kwa sababu mimi nafundisha pale. Nikiondoka, ameondoka. Msichana alikuwa katika miezi mitatu ya majaribio, na mimi, kama mwalimu mkuu wa madarasa ya chini, ndimi ningeulizwa mwishoni kama anafaa kubaki. Nikakata shauri kabla ya kikombe kupoa. Huyu hatamaliza muhula.

Tangu siku hiyo nilimpigia darubini. Haikuwa kazi ngumu, kwani tulikuwa tukilala ploti moja na kufanya kazi shule moja. Hakula githeri yetu ya Ijumaa, mahindi na maharagwe. Alisema hali nyama, na ile githeri ilipikwa kwa mifupa. Haya. Lakini angalau angeketi nasi. Wakati sisi tunakula, yeye alikuwa getini na daftari lake, akiwauliza wazazi majina, namba za simu, wewe ni nani kwa mtoto, gari ni lako. Gari ni lako! Mzazi mmoja alinijia amekasirika: huyo mwalimu wenu ni polisi? Na kila mwalimu hukimbia zamu ya geti, jua lile la alasiri na vumbi la bodaboda, lakini yeye aliiomba. Aliiomba ya kila siku, wiki nzima.

"Anahesabu wateja," akasema Mugo.

"Anahesabu wazazi wenye magari," nikasema mimi. "Ndio wataambiwa wahamishe watoto kwanza."

Ukituona tulivyokuwa tukiamini maneno yetu, ungedhani tumeyasoma gazetini.

Swali lililoninyima raha zaidi lilikuwa la Thika. Alikuwa amefundisha huko mihula miwili tu, katika shule kubwa kuliko yetu, karibu na kwao, nyumba ya nyanya yake ikiwa mwendo wa dakika kumi. Mtu anaachaje kazi kama hiyo, akahama mji, akaja kuchota maji kwa mtungi huku? Nilimwuliza siku moja tukiwa kwenye bomba.

"Thika ulitoka kwa nini, mwalimu?"

Aliangalia maji yakijaa. "Ilifika mwisho, madam."

"Ilifika mwisho vipi?"

"Ilifika tu." Akabeba mtungi akaenda, na ulikuwa haujajaa.

Mtu anayeacha mtungi nusu ana la kuficha. Ndivyo nilivyomwambia Mugo, na Mugo akaongeza lake, kwamba lazima alifukuzwa kwa wizi. Sikumkatalia.

Februari nyanya yake alikuja kumtembelea. Mama mfupi, sari ya rangi ya majani makavu, miguuni raba nyeupe. Alinikuta napembua mchele barazani, akajiketisha kwenye kibao changu bila kukaribishwa.

"Mimi Induben," akasema. "Wewe Tabby. Ishita ameniambia."

"Amekuambia nini?" Niliuliza haraka kuliko nilivyotaka.

"Kwamba wewe mwalimu wa zamani, watoto wanakuogopa na wanakupenda. Kwamba yeye anataka kuwa hivyo." Akatoa sahani iliyofungwa kwa kitambaa, chapati nyembamba zenye majani ya methi ndani. "Huyu mtoto nimelea mimi. Mama yake alikufa akiwa na miaka minne, baba yake akaenda Leicester akaoa huko. Duka tulifunga. Sasa ni yeye na mimi. Tangu mwaka jana hali vizuri, halali vizuri. Mwangalie kidogo, dada. Wewe uko karibu."

Unajua nilifikiria nini? Nilifikiria, wameona namchunguza, sasa wanataka kunilainisha kwa chapati. Alipoondoka niliwarushia kuku wa keretaka zile chapati. Na huku kwetu hata mtoto anajua sahani ya jirani hairudi tupu. Unaweka chochote, hata viazi viwili. Mimi niliiosha, nikaikausha, nikaipeleka mlangoni kwa Ishita ikiwa tupu kabisa, kwa makusudi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiangalia, akasema asante. Nilirudi kwangu nimefurahi, na leo ile furaha ndiyo inayoniuma kuliko mengi niliyofanya.

Sasa niseme kuhusu Wangechi, maana bila yeye habari hii haina maana. Mama yake, binti yangu Njoki, yuko Qatar kwenye hoteli mwaka wa tatu sasa. Baba yake ni kijana anaitwa Macharia, aliyetoweka mtoto akiwa na miezi minane. Alituachia jina tu, kwa kuwa kwa desturi yetu msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya wa upande wa baba, na Wangechi ni jina la mama yake Macharia. Alirudi mara moja, Desemba ya mwaka juzi, akitaka kumwona mtoto. Nilimtoa plotini na mwiko wa ugali mkononi, na majirani wakapiga makofi. Tangu hapo sikumwaza. Wasiwasi wangu wote ulikuwa umeshapata mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Ishita wa chumba namba tisa.

Siku nne za wiki mimi na Wangechi tulitoka shuleni pamoja. Ijumaa walimu huwa na mkutano kuanzia saa tisa, kwa hiyo alinisubiri getini kwa Makau. Na utaratibu wa geti letu ulikuwa mmoja tangu shule ianze. Mtu akija kuchukua mtoto, Makau anamwuliza mtoto, "Unamjua huyu?" Mtoto akisema ndio, anakwenda. Huku kila mtu ni anko au anti wa mtu. Hatukuona haja ya utaratibu mwingine.

Alhamisi moja mwezi wa Machi, kengele ya saa nane ililia na watoto wa gredi ya kwanza wakaanza kupiga mayowe, mmoja alikuwa ametapika. Mwalimu Ishita alikimbia. Daftari la bluu likabaki kwenye meza ya stafurumu, kando ya kikombe changu. Chumba kilikuwa kitupu. Nilisema mimi si mtu wa kushuku ovyo, na sasa niongeze kwamba sijawahi kuiba, lakini sentensi hiyo ya pili siku hiyo ilikoma kuwa kweli. Nililitia mkobani, nikaenda kusimama nyuma ya choo cha walimu kulisoma.

Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake, kufuata alfabeti kama kwenye rejista. Achieng. Juu jina, chini majina ya watu, namba za simu, namba za magari, rangi ya magari. Blessing vivyo hivyo. Kwenye jalada la ndani kulikuwa na vipimo: geti hadi gredi ya kwanza, hatua 84, gredi ya kwanza hadi ofisi, hatua 40, ua wa nyuma, pengo moja, mtu mzima anapita. Nilisoma kurasa tatu, nikatosheka. Anayetafuta ubaya wa mtu akishaupata hana haja ya kusoma hadi mwisho. Nikajisemea, kesho Ijumaa, mbele ya mkutano wote, nitaliweka hili mezani, na Jumatatu huyu anarudi Thika.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya paa, alibisha hodi kwangu.

"Madam Tabby, samahani. Umeona daftari langu la bluu?"

"Sijaona."

Alisimama palepale. Mikono yake ilikuwa inashika na kuachia ncha ya mtandio. "Sawa. Kuna kitu kingine. Ni kuhusu Wangechi. Nilitaka tuongee, dakika mbili tu."

Nilidhani ni hila, anataka kuingia aangalie chumba kwa macho. "Mambo ya darasani tuongee darasani," nikamwambia. "Kesho."

"Madam, kesho ni Ijumaa."

"Najua siku za wiki, mwalimu," nikasema, nikafunga mlango.

Mkutano wa Ijumaa ulianza saa tisa kamili. Ishita hakuwepo, alikuwa ameomba ruhusa ya kubaki getini kama kawaida yake. Nilifurahi. Ni rahisi kumsema mtu asiyekuwepo. Madam Waceke alipouliza kama kuna mengineyo, nilisimama, nikaliweka daftari mezani, nikaongea. Niliongea dakika tano bila kumeza mate. Nikataja vigingi, nikataja magodauni, hatua, magari, sanduku la kufuli mbili. Nikasema hatutaki wapelelezi, na kama shule imeuzwa tuambiwe kama watu wazima.

Mugo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Madam Waceke alivaa miwani. "Haiya, Tabby," akasema. "Shule imeuzwa na nani? Wale walipima kwa sababu ndugu zangu wanataka tugawe shamba la baba, na mimi nikataka nijue shule inaishia wapi kabla hawajaniingilia. Ningewaambia, lakini ni aibu za nyumbani. Huyo msichana hana hata kiwanja cha kupanda sukuma."

"Basi kwa nini alitoka Thika? Kwa nini hasemi?"

"Kwangu alisema. Siku ya intavyuu, kabla sijamwuliza. Nikamwambia hapa si lazima aseme kwa mtu mwingine." Aliangalia mlango kisha akaendelea kwa sauti ya chini. "Mwanamume alikuja kuchukua mtoto wa darasa lake. Mtoto akaulizwa, unamjua huyu? Akasema ndio, ni anko. Ishita akamwachia mkono. Anko hakuwa anko. Walimpata mtoto baada ya siku mbili, mzima, namshukuru Mungu, kwa jamaa fulani kule Matuu, mambo ya wazazi walioachana. Shule ilihitaji mtu wa kubeba lawama, na yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Sasa hawezi kuona mtoto akitoka getini bila kuandika ni nani amemtoa. Nilimwajiri kwa ajili ya hilo daftari, Tabby."

Nilikuwa bado natafuta la kujitetea, na nadhani lingepatikana, maana mdomo wangu haujawahi kunikosesha, ila Madam Waceke alikuwa anafungua kurasa moja moja akielekea mwisho, na hapo akasimama.

"Hii umeisoma?"

"Nilisoma za mwanzo."

Alisoma kwa sauti, na alipokuwa akisoma sauti ilikuwa inapungua. "Wangechi. Anachukuliwa na cucu peke yake, Mwalimu Tabby. Ijumaa tarehe sita: mwanamume wa jaketi la kijani, ng'ambo ya geti, amempa biskuti. Nimemwuliza mtoto, amesema ni anko mzuri. Ijumaa tarehe kumi na tatu: yule yule, amekuja na pikipiki, amekaa karibu dakika ishirini. Mtoto sasa anamkimbilia. Nadhani Ijumaa ijayo atamchukua. Nimwambie Madam Tabby kabla ya Ijumaa."

Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika ishirini na tano. Ilikuwa Ijumaa tarehe ishirini.

Sikumbuki mlango. Nakumbuka kwamba nilimnyang'anya mkurugenzi wangu daftari mkononi na kwamba kiatu kimoja kilibaki kwenye ngazi. Getini pikipiki ilikuwa imeegeshwa, injini inanguruma. Macharia alikuwa ameshika vyuma vya geti, na Makau amesimama upande wa ndani amechanganyikiwa. Jaketi la kijani.

"Mum, mimi si mwizi," akaanza Macharia aliponiona. "Mathe yangu ako hospitali. Anaulizia huyo wa jina lake kila siku. Wewe ungenipatia?"

Ya Macharia na mama yake tuliyaketia baadaye, mchana kweupe na watu wazima mbele yetu, na Wangechi akapelekwa kumwona yule nyanya mgonjwa huku mimi nikiwa nimeketi kando ya kitanda. Labda mwiko ule wa ugali nilikosea pia. Lakini saa ile sikumsikia. Nilikuwa naangalia kibao cha Makau, ambako Wangechi huketi kila Ijumaa, na hakikuwa na mtu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Huyu alisema ni babake," Makau akasema. "Nikauliza mtoto, unamjua huyu? Akasema ndio. Nikafungua geti. Sasa huyo mwalimu Mhindi akaruka hapa kama mtu amechomwa, akamshika mkono, akaenda na yeye."

"Akaenda naye wapi?"

"Sijui, madam. Mimi nilikuwa nafunga geti."

Na hapo, nakuapia, baada ya yote niliyokuwa nimetoka kusikia, moyo wangu ulimshuku tena. Nilifikiria pengo la ua wa nyuma. Nilifikiria sanduku lenye kufuli mbili. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimezoea.

Nilikimbia kuelekea gredi ya kwanza, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi. Ni hatua themanini na nne ukitembea. Ukikimbia, ni nyingi kuliko hizo. Mlango ulikuwa umefungwa na madirisha yamevutwa. Nikaupiga kwa viganja viwili.

"Nani?" Sauti ya Ishita.

"Mimi, Tabby! Fungua!"

"Tabby nani?"

"Tabby gani mwingine? Cucu yake Wangechi! Ishita, fungua mlango!"

Nilisikia mnong'ono, kisha sauti ndogo ninayoijua kuliko yangu mwenyewe. "Ni cucu. Hivyo ndivyo anagomba."

Dawati likaburutwa. Mlango ukafunguka kidogo, kisha wote. Wangechi alikuwa na kalamu ya rangi mkononi, alikuwa akichora, haogopi chochote. Aliyekuwa na hofu ni mwalimu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mkono wa mtoto, na hakuuachia nilipoinama kumkumbatia.

"Samahani, madam," akasema. "Lazima uweke sahihi. Daftari langu limepotea, lakini nina karatasi hapa."

Daftari lilikuwa mkononi mwangu. Hakukuwa na mahali pa kulificha, na nilikuwa nimechoka kuficha. Nililinyoosha.

"Nililichukua mimi," nikasema. "Jana. Na jana hiyohiyo nikakudanganya mlangoni kwangu."

"Najua, madam. Nilikuona dirishani."

"Ulinijua na ukaja kwangu jioni? Mbona hukusema?"

"Nilikuja kusema kuhusu Wangechi," akajibu.

Nilikuwa naona sahani yake tupu aliyoipokea kwa mikono miwili. Nilijionea aibu hadi machozi yakanitoka mbele ya mtoto, na Wangechi akaniuliza kama nimeumia mguu.

Ishita alifungua ukurasa wa mwisho, akaniwekea daftari juu ya dawati, akanipa kalamu yake. Niliandika jina langu lote, Tabitha Njeri, na namba ya kitambulisho. Penye uhusiano nikaandika cucu.

"Na saa, madam," akasema.

Nikaandika saa. Aliusoma mstari wote, neno kwa neno, kisha akainua macho akaniangalia usoni kwa muda mrefu, kama anavyomwangalia mtu yeyote anayekuja kwenye lile geti. Ndipo akauachia ule mkono mdogo.